Mguu Usiotazamwa na Mkwe

Busia, upande wa Uganda
Jumapili, 4 Februari 2024

Mwanangu Isaac,

"Mkwe akiugusa mguu wa mama mkwe wake, nyumba ya binti imebomoka." Maneno haya si yangu. Ni ya Bwana Opendi wa Molo, mjomba wa mke wako, aliyoyatamka jana kwenye matanga ya jirani yake, akiwa ameshika paja la kuku kama hakimu aliyeshika nyundo. Nayajibu kabla ya salamu, maana nikianza na salamu hasira yangu itapoa.

Nyumba haibomolewi na mkono wa daktari. Inabomolewa na kidonda kinachoachwa kioze chini ya gauni refu la gomesi kwa sababu watu wazima wanaona haya. Na huyo Opendi ni nani wa kutufundisha mambo ya kugusana? Mwaka jana mvua ilimkuta Malaba, akapanda bodaboda moja na mke wa mwanawe, mishikaki, dereva mbele, yeye katikati, magoti yamebanana mpaka Molo. Nyumba ya mwanawe imebomoka? Imeezekwa mabati mapya! Mila ya mkwe na mama mkwe kukwepana iliwekwa na watu wenye akili, ili vijana wasizoee kuchungulia sufuria za wakwe zao. Haikuwekwa ili mwanamke akatwe mguu na huku mume wa binti yake anasomea kuunga mishipa ya damu.

Haya, sasa salamu. Baba yako Edgar hajambo, bado anagombana na nyani wanaokula mahindi yake Buhehe, na nyani bado wanashinda. Mimi niko palepale kwenye uwakala wa forodha. Mtandao ukianguka malori yanapanga foleni mpaka kanisani, na madereva wananitukana kama vile mtandao nimeuzaa mimi. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu wazee wamenitoa kwenye kikundi cha ukoo cha WhatsApp. Eti naandika marefu. Benard wa lori la saruji atakuletea barua hii, na majibu umpe yeye.

Jambo lenyewe ni hili. Mama mkwe wako anaumwa mguu wa kushoto. Akitembea kidogo msuli wa nyuma unambana, anasimama, anajifanya anasalimia watu. Sasa kidole kimoja kimekuwa cheusi. Majirani wanasema amekanyaga dawa ya mtu. Daktari wa Tororo amesema mshipa umeziba, akaandika aende kwa mabingwa wa mishipa, huko huko hospitali ya chuo unakosomea wewe. Akichelewa, utakatwa. Naye amejibu kwamba heri ukatwe kuliko kuulaza mbele ya mkwe wake.

Unasemaje?

Shangazi yako asiyenyamaza,
Taaka


Nairobi
Jumapili, 17 Machi 2024

Shangazi mpendwa,

Pokea salamu zangu za heshima, na umpe pole baba kwa habari ya nyani. Benard alinipata getini nikitoka zamu, akanipa barua yako pamoja na vumbi la saruji.

Mimi ni mzima. Mwaka huu wa pili ni mgumu kuliko wa kwanza. Profesa wetu ni mama mfupi mwenye sauti ya mwalimu wa gwaride. Anataka tufunge fundo kwa mkono mmoja bila kutazama, kwa hiyo mkanda wa begi langu umejaa nyuzi kama nywele za kusuka. Jioni nanunua mirija ya damu ya ng'ombe kwa mwenye bucha ili nifanye mazoezi ya kushona. Juzi akaniuliza, "Daktari, hii supu yako hutuonjeshi siku hata moja?" Profesa aliutazama mshono wangu akasema, "Oundo, mshipa si gunia." Sijaambiwa jambo zuri kuliko hilo tangu Januari.

Kuhusu lile jambo la Molo nitasema nini, Shangazi? Tangu nimwoe Kate, namsalimia mama yake nikiwa nje ya mlango, naye yuko ndani. Namjua kwa kikohozi na kwa kuku anaonipikia. Hata jina lake silijui. Nani angenitajia? Ni Mama Kate, basi. Kate naye, kila nikimpigia simu huko Tororo anakofundisha, anajibu, "Mama anaendelea," halafu ananiuliza kama nimekula.

Ila nitasema hivi kama daktari. Kidole kikishakuwa cheusi, hakuna kungoja. Palipoziba hatuzibui kila mara. Mara nyingi tunachukua mshipa mwingine wa mtu huyo huyo, tunaushona juu ya kizuizi na chini yake, damu inapita kando. Kama hataki kuja nilipo, aende Kampala. Aende popote. Lakini aende.

Mwanao,
Isaac


Busia
Jumapili, 28 Aprili 2024

Mwanangu Isaac,

Baba yako anakusalimu. Amewanunulia nyani redio ya kuwatisha, nao wameipenda. Binti yangu Juliet amepata kibanda sokoni na anauza vikombe vya plastiki vinavyovuka mpaka mara nyingi kuliko mimi.

Nilikwenda Molo mwenyewe. Nilimkuta mama mkwe wako kwenye kigoda, gomesi imefunika mpaka kucha, na chini ya gomesi harufu ya majani yaliyopondwa. Opendi alikuwepo, kama kawaida, kwa kuwa dada yake anapika vizuri kuliko mke wake. Nikawaeleza ulichoniandikia, kwa lugha ya kwetu. Nikasema, "Malaba ikiziba, malori yanafanya nini? Yanalala pale mpaka mzigo uoze? Yanageuzwa yapite Busia! Basi damu ya huu mguu inataka kupitishwa Busia."

Mama mkwe wako alicheka, nikadhani nimeshinda. Opendi akaweka kikombe chini.

"Wewe Taaka, nyinyi watu ya Samia mnaongea mpaka chai inapoa. Malori hapana kuwa na mkwe."

"Na wewe utamzika dada yako na mila yako pembeni?"

"Mguu ni ya dada yangu, mdomo ni yako. Mbona unaugua wewe?"

Nikamwambia yeye ni muuaji anayetembea kwa fimbo. Nikamgeukia mama, nikamwambia mkwe wake ni daktari, aache utoto. Akanimiminia chai nyingine. Niliondoka kwa hasira nikasahau mkoba, na Opendi akanikimbilia mpaka barabarani kuniletea, na kuku juu yake. Ndivyo walivyo wale. Wanakupinga na kukufungia zawadi.

Nimeshindwa, Isaac, lakini kwa leo tu.

Taaka


Busia
Jumapili, 9 Juni 2024

Isaac,

Salamu fupi: wote wazima, nyani pia.

Mbona kimya? Nimerudi Molo na nimekuta mlango umefungwa. Mama mkwe wako hayupo. Opendi naye hayupo. Jirani anasema wamekwenda arusini. Arusi gani ya wiki mbili? Nimempigia mkeo. "Mama anaendelea." Nikamuuliza, anaendelea kwenda wapi? Simu ikakatika, na mtandao siku hiyo haukuwa na shida yoyote.

Nadhani wamempeleka kwa mganga wa mizizi. Kama wewe unajua, niambie. Kama hujui, ona haya.

Taaka


Nairobi
Jumapili, 23 Juni 2024

Shangazi mpendwa,

Nisamehe kwa kimya. Habari za hapa ni njema, na mwishowe nina moja ya kukufurahisha, ingawa si ile unayoitafuta. Ya Molo sijui. Nimempigia Kate naye akaniuliza kama nimekula.

Majuma machache yaliyopita tulimpasua mama mmoja. Jina siwezi kukuandikia, ni siri ya mgonjwa. Mguu wa kushoto, mshipa umeziba juu ya goti, kidole kimekufa. Mwenzangu mwingine ndiye aliyemlaza na kumwandaa, mimi nilipangiwa chumba cha upasuaji siku hiyo. Nilipoingia alikuwa amekwisha kudungwa sindano ya mgongoni, yu macho lakini kiunoni kwenda chini hasikii kitu, na shuka la kijani limesimamishwa kifuani kwake. Kwa hiyo yeye hatuoni, na sisi tunaona mguu tu.

Profesa alishona mwisho wa juu. Akanitazama, akasema, "Oundo, wa chini ni wako." Chini ya goti, Shangazi! Mara yangu ya kwanza. Mshipa wenyewe si mnene kuliko mrija wa soda, na uzi ni mwembamba kuliko unywele. Mishono ya kwanza ilikwenda. Uliofuata ukalegea, na Profesa akawaka: "Toa huo! Unashona mtu au unafunga gunia la mahindi?" Nikautoa, nikauharibu tena.

Ndipo sauti ikatoka nyuma ya shuka.

"Daktari mkubwa! Huyo mtoto ya watu usimgombeze. Akiogopa ndio atashona vibaya."

Profesa hajawahi kujibiwa na mtu, sembuse na mguu. Akakohoa, akasema, "Samahani, mama." Kisha kwangu, polepole: "Endelea, Oundo. Umepata wakili."

Nikaendelea, na mshono ukakaa. Tulipofungua vibanio vya kuzuia damu, ule unyayo uliokuwa wa baridi kama jiwe la mtoni ukaanza kupata joto mkononi mwangu. Tuna chombo kidogo cha kusikiliza damu. Nikakiweka juu ya kifundo cha mguu, kikalia hwuu, hwuu, kama mtu anayepuliza moto jikoni. Kidole hatukukiokoa. Mguu umebaki.

Wodini nilisoma kwenye faili kwamba anatoka wilaya ya Tororo. Nikafurahi, nikamsalimia kwa Kidhopadhola, lugha ya kwao, kile kidogo alichonifundisha Kate. Akavuta shuka mpaka juu ya kichwa. Kila nikija mimi, na mimi tu, ni hivyo hivyo: mguu nje, kichwa ndani. Manesi wakacheka mpaka wakaegemea ukuta. Nilimwomba mungu wa wakwe, kama yupo, Mama Kate naye apate mtu wa kumshona.

Mwanao,
Isaac


Busia
Jumapili, 18 Agosti 2024

Isaac, Isaac, Isaac!

Sina salamu. Watu wote wazima, sasa kaa kitako.

Barua yako ya Juni imenifikia Ijumaa. Benard aliibeba mfukoni akapewa mzigo wa Juba, barua ikaenda Juba na kurudi. Laiti ingefika kwa wakati wake, ningeokoa nauli na heshima yangu.

Jumatatu nilikwenda Molo kupigana. Nilikuwa nimejiandaa, hoja zangu nimezipanga kuanzia Biblia mpaka katiba za nchi zote mbili. Nikiwa bado njiani nikamwona mwanamke anatoka kisimani na ndoo kichwani, anatembea bila kusimama kusalimia mtu. Alikuwa mama mkwe wako. Anachechemea kidogo tu. Nikaangusha mwavuli.

Opendi alikuwa mlangoni anatabasamu kama paka wa mwenye bucha. Nikamvamia hata kabla ya kukaa.

"Bwana Opendi, si ulisema mkwe asiguse mguu?"

"Nilisema, na bado nasema."

"Sasa nani amemshona huyu?"

"Daktari."

"Daktari gani?"

"Mimi najua? Amefunga mdomo, amefunga kichwa, macho tu ndio inaonekana. Na mgonjwa naye yuko nyuma ya shuka. Nani amemwona nani? Mlango ya hapa nyumbani ni mbao, ya kule ni kitambaa. Mlango ni mlango."

"Mmemdanganya mtoto wangu!"

"Tumemdanganya nini? Dada yangu ameandikisha jina yake ya kitambulisho, herufi kwa herufi. Akongo Felistus. Kama mkwe hajui jina ya mama mkwe wake, hiyo si uongo. Hiyo ni heshima. Heshima ndio imetupitisha." Akanisogezea kiti. "Wewe, Taaka, ulitaka kuvunja mlango. Mimi nilibisha hodi."

Mwanangu, nimebishana na maafisa wa forodha, na mapadri, na mbunge mmoja aliyekimbilia chooni. Sijawahi kukosa jibu. Siku hiyo niliomba chai. Yule mtu niliyemwita muuaji ndiye aliyemsindikiza dada yake mpaka Nairobi, akalala kwenye benchi la wodi, na kila ukipita akajificha choo cha wanaume. Alikuwa ameanza kupanga safari hata kabla ya mimi kwenda kumtukana. Kate alijua. Mimi pekee ndiye sikuambiwa, kwa sababu, asema Opendi, siri ikiingia kwa Taaka inatokea redioni.

Halafu Ijumaa barua yako ikaja, nikaisoma nikilia na kucheka mbele ya madereva.

Sasa nina swali moja, na unijibu kwa neno moja. Ulisoma Tororo kwenye faili. Ulisikia ile sauti. Umeona mgonjwa anajificha uso kwako tu, si kwa daktari mwingine. Ulijua au hukujua?

Shangazi yako aliyeshindwa mara moja,
Taaka


Nairobi
Jumapili, 29 Septemba 2024

Shangazi mpendwa,

Natumaini u mzima, na baba, na nyani wake. Mimi nimefaulu mtihani na nimeingia mwaka wa tatu. Profesa amenipa mkono. Hakusema neno, lakini mkono alinipa.

Swali lako nimelisoma. Mvua hapa imeanza kunyesha.

Nilipata likizo fupi, tukaenda Molo mimi na Kate. Nilisimama nje ya mlango kama siku zote, naye yuko ndani kama siku zote. Nilisikia kikohozi chake. Kisha akasema, na hajawahi kuniambia maneno mengi hivyo:

"Mkwe, watu waliniambia niende Kampala. Mimi nikakataa."

"Kwa nini, Mama?"

"Nimepika kuku wangu miaka hii yote, halafu nishonwe na mgeni? Mikono iliyokula kuku wangu ndiyo itanishona."

Kate alikaa chini kwa kicheko. Mimi nilitazama kizingiti, maana macho yangu yalikuwa na maji na mlango haukuwa mpana wa kutosha kuyaficha.

Opendi akaamua kwamba hakuna mila iliyovunjika, lakini kwa usalama wa nyumba nilete blanketi la kumfunika mama mkwe. Nilikuwa nalo tayari ndani ya gari. La kijani. Likapitishwa mlangoni. Kisha sauti yake: "Rangi hii naijua."

Shangazi, nimerudi kazini na jambo moja linaniuma. Wiki hii tumemkata mguu mama mwingine kutoka huko kwetu Busia. Alikuja amechelewa. Mkwe wake ni mwalimu, ndiye aliyemleta mwishowe. Alikaa kwenye ngazi akaniambia alinusa harufu tangu Pasaka, akaona haya kuuliza. Huyo hakuwa na Opendi.

Wewe una kalamu. Andika.

Mwanao,
Isaac


Busia
Jumapili, 20 Oktoba 2024

Mwanangu Isaac,

Hongera kwa mtihani. Baba yako amesalimu amri, amewaachia nyani mistari yao ya mahindi pembeni mwa shamba, na tangu hapo kuna amani. Juliet ana mchumba. Tayari nimeanza kumkwepa, na ukiniuliza kwa nini, nitakuambia mvua inanyesha Busia pia.

Swali langu silirudii. Kuna majibu yaliyoshonwa vizuri, na mimi si wa kuyafumua.

Habari ya yule mwalimu wa kwenye ngazi imenitoa usingizini. Nimefikiri sana kuhusu Opendi, na kalamu yangu inauma kuandika hili: nilikuwa sahihi kuhusu mguu na nilikosea kuhusu mlango. Nilidhani lazima tuchague, mila au mguu. Yule mzee mkaidi alikataa kuchagua, akatafuta shuka. Lakini msinielewe vibaya, nyinyi mnaopenda kutumia mila kama kufuli! Opendi hakukaa nyumbani kulinda heshima. Alipanda basi. Heshima isiyopanda basi ni uvivu uliovaa koti.

Kwa hiyo piga picha barua hii uiweke kwenye kikundi cha ukoo walikonitoa. Wakisema ni ndefu, nakala ya pili Benard ataibandika ubavuni mwa lori lake, isomeke kwenye foleni yote ya mpaka.

Wazee wa Busia na Tororo, mkiwa na hoja njooni ofisini kwangu, foleni ni ya anayetangulia kufika. Lakini kabla hamjaja, kila mmoja wenu amwulize dada yake hali ya miguu yake, na akisikia neno "naendelea," amkatie tiketi.

Vijana mliooa, ukinusa majani yaliyopondwa mlangoni kwa wakwe zako, usione haya mpaka Pasaka nyingine. Huhitaji kutazama. Sema na mkeo leo.

Na nyinyi akina mama wa Buhehe, wa Molo, wa pande zote mbili za mpaka, mnaosimama njiani mkijifanya mnasalimia watu: nawajua. Kesho asubuhi, kabla ya soko na kabla ya kuni, nendeni kwa daktari, pandisheni gomesi mpaka gotini, vueni soksi, mwonyesheni huo mguu. Kama mnaogopa atakuwa mkwe, mwambieni asimamishe shuka.

Taaka